Vumbi la Malazi na Pumzi ya Mwanadamu



Nimetakiwa nizungumze jioni hii juu ya maradhi ya pumu na yale mafua ya kupiga chafya yasiyokwisha, nami nimeona ni vyema nisianzie hospitali wala duka la dawa, bali nianzie mahali ambapo kila mmoja wetu, tajiri na maskini, hupitisha takriban thuluthi ya umri wake, napo ni kitandani. Kwa kuwa aghalabu hapo ndipo maradhi haya yanapolishwa usiku, na sisi mchana tukayatafuta barabarani.

Katika nyumba niliyolelewa palikuwa na desturi moja ambayo marehemu bibi yangu hakuiacha maisha yake yote. Kila Alhamisi asubuhi, chai ikishanywewa, alituamrisha tutandue vitanda, tukayatoa magodoro ya sufi na kuyaegemeza ukutani uani, naye akajitanda leso kichwani, akashika ufito, akayapiga hata vumbi la rangi ya majivu likapanda juu ya ukuta wa jirani. Lakini masika yalipofika, uani kukawa tope na mbingu hazina amana, kazi ile ile aliifanya chumbani, na mimi ningali naikumbuka mistari ya nuru iliyopenya katika mbao za dirisha, na ndani yake chembe za vumbi zikielea kwa utulivu kama dagaa katika maji ya kina kifupi. Usiku wa siku kama hiyo ndugu yangu mdogo hakulala. Alikaa kitako ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yamepanda, kishimo cha koo kikididimia kila avutapo pumzi, na kifuani mwake mkilia sauti nyembamba kama ya filimbi. Ukimwuliza neno, hakuweza kukujibu kwa pumzi moja. Jirani mmoja alisema mtoto kaogeshwa maji baridi. Wa pili alisema nyumba ni chafu. Wa tatu akaleta habari za jicho la watu. Hapana aliyesema neno juu ya godoro.

Habari hii sikuitanguliza ili kumshitaki bibi yangu, Mungu amrehemu, maana alijitahidi kwa ilimu aliyokuwa nayo, na katika matendo yake mlikuwa na hekima nitakayoirejea baadaye. Nimeitanguliza kwa sababu neno langu lote limo ndani yake: kwamba kinachombana mgonjwa wa namna ile aghalabu kimo katika malazi yake mwenyewe, kwamba kuwamo kwake si ushahidi wa uchafu wa mwenye nyumba, na kwamba chaweza kupunguzwa kwa vitu ambavyo haviikosi nyumba yoyote, yaani maji ya moto, jua, na saburi ya kila juma.

Ni kitu gani basi hicho? Sote twaujua utitiri wa kuku, ambao humwasha mtu mwili mzima akiingia bandani. Utitiri wa vumbi ni jamaa yake wa mbali, wala hauumi, haunyonyi damu, hauruki, na jicho tupu haliuoni, kwa kuwa urefu wake haupiti thuluthi moja ya milimita. Una miguu minane, na kwa nasaba uko karibu na kupe na buibui kuliko kunguni na kiroboto. Chakula chake ni magamba membamba ya ngozi ambayo kila mwanadamu huyapukutisha usiku na mchana pasipo kujua, na wataalamu wameuita Dermatophagoides, jina lililoundwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya ngozi na kula. Kwa hiyo popote alalapo mtu, utitiri umeandaliwa karamu. Na aogaye mara tano kwa siku huupukutishia kama vile asiyeoga. Mwenye kusema kuwa nyumba ya mgonjwa wa pumu ni nyumba ya wachafu amesema asilolijua, na mama wa mtoto mgonjwa hastahili kuongezewa aibu juu ya mashaka aliyo nayo.

Jambo la pili la kulijua ni kwamba utitiri huu haunywi maji, bali maji yake huyavuta katika unyevu wa hewa. Unyevu ukishuka chini ya 50 kwa mia na kukaa hivyo kwa majuma kadhaa, hukauka ukafa. Lakini unyevu ukiwa 70 au 80 kwa mia, na joto likiwa kadiri ya digrii 25, huzaana kwa raha. Nani basi kati yetu sisi watu wa Mombasa, Unguja, Tanga na Dar es Salaam asiyejua hewa yetu ilivyo, ambapo chumvi huloa katika kopo lake, na viatu vya ngozi vikiwekwa kabatini mwezi mmoja wa masika hutolewa vimeota ukungu? Fauka ya hayo, kila mtu alalapo hutoa maji kwa jasho na kwa pumzi yake, na sehemu ya maji hayo hubaki katika godoro, hata hapo chini ya ubavu pakawa na unyevu na vuguvugu kuliko chumba chenyewe. Na katika nchi za joto kama zetu hupatikana pia aina nyingine, Blomia tropicalis, ambayo ilipewa jina na wataalamu mwaka 1973, nayo yapenda unyevu vilevile.

Kinachodhuru zaidi ni choo chake. Kila mmoja hutoa punje takriban 20 kwa siku, ndogo mno, na ndani ya punje hizo mna protini ambazo kazi yake ya asili ni kusaga chakula tumboni mwa utitiri. Mtu akigeuka kitandani, akikung'uta mto, au akifagia kwa nguvu, punje hupanda hewani zikaingia puani na katika mirija ya pumzi. Kwa watu wengi hazifanyi jambo. Kwa mtu aliyeumbwa na tabia ya mzio, mwili wake huzidhania kuwa ni adui, ukazipigania: pua zikatiririka, macho yakawasha, ngozi ikatoka ukurutu, au mirija ya mapafu ikavimba na kubana. Maana hiyo ya mzio ni ya zamani za karibu, kwa kuwa wazee wetu walilitumia neno hili kwa chakula asichopatana nacho mtu, au alichokatazwa na tabibu wake. Na kwa hakika hapana neno lililofaa zaidi, maana kinachompata mgonjwa wetu ni kwamba mwili wake umekikataa kitu ambacho wenzake wanakivuta kila siku kwa salama.

Ilimu hii haikupatikana kwa siku moja. Huko Leiden katika Uholanzi, nchi ya maji na nyumba zenye unyevu, tabibu Willem Storm van Leeuwen aliwaweka wagonjwa wa pumu, katika miaka ya 1920, ndani ya vyumba vilivyoingizwa hewa iliyotakaswa, na wengi wakapata nafuu. Akajua kuwa katika hewa ya nyumba zao mlikuwa na kitu, asikijue ni kitu gani. Miaka ilipita mingi, matabibu wakilishuku vumbi la nyumba, hata mwaka 1964, katika mji huo huo wa Leiden, Reinhold Voorhorst na Frits Spieksma na wenzao wakaonyesha kuwa siri ya vumbi hilo ni utitiri. Jambo lililowasaidia kufika hapo ni kuona kwamba vumbi la nyumba zenye unyevu lilikuwa kali kuliko vumbi la nyumba kavu. Na kwa sababu iyo hiyo wagonjwa wa pumu wa Ulaya waliokuwa wakipelekwa Davos, katika milima ya Uswisi, ambako hewa ni kavu na utitiri ni haba, walikuwa wakipata nafuu tangu zamani, kabla mtu yeyote hajaweza kueleza kwa nini.

Lakini katika habari zote za jambo hili, inayonigusa zaidi yatoka Papua New Guinea. Katika nyanda za juu za nchi hiyo wako watu waitwao South Fore, ambao pumu kwa watu wazima ilikuwa nadra sana kwao, hata mablanketi yakaingia vijijini, yakapokewa kwa furaha kama inavyostahili kupokewa kinga ya baridi. Baada ya miaka michache pumu ikazidi kwa kiasi kilichowashitua matabibu, nao walipoyachunguza mablanketi yale waliyakuta yamejaa utitiri. Wakayachapisha matokeo yao mwaka 1985. Sisemi kwamba watu wale wangeachwa na baridi yao, la hasha. Nasema kwamba kila kitu chema kiingiacho nyumbani huja na adabu zake za kukitunza, na asiyefundishwa adabu hizo huletewa neema akapata na madhara yake.

Na sisi je? Wazee wetu wengi walilala juu ya kitanda cha kamba kilichotandikwa mkeka wa ukindu, chenye kupenya hewa juu na chini, kisichokuwa na tumbo la kuficha vumbi, na ambacho asubuhi mkeka wake ulikung'utwa ukatundikwa. Leo twalala juu ya sponji yenye unene wa dhiraa moja kasoro, iliyokaa miaka kumi haijaliona jua. Chini pana zulia la ukuta kwa ukuta, madirishani mapazia mazito, kitandani mito sita ya kupambia na mdoli wa manyoya wa mtoto. Sikuja kuwataka watu warudi katika kitanda cha kamba. Nimekuja kusema kwamba raha hii mpya yadai kazi mpya, na kazi yenyewe nitaieleza sasa kwa utaratibu.

La kwanza ni kuyakinisha. Si kila pumu ni ya utitiri. Mende, paka, ukungu wa ukutani, moshi wa kuni na wa sigara, vyote huweza kuiamsha, na aghalabu huwa zaidi ya kimoja. Lakini mgonjwa akizidiwa alfajiri, akipiga chafya kila anapotandika kitanda, na akipata nafuu akilala mbali na malazi yake, basi hiyo ni dalili ya kumpelekea tabibu, na hospitali kubwa huweza kulithibitisha jambo kwa kipimo cha kuchoma ngozi kidogo kwa matone ya vitu vinavyoshukiwa. Haifai kuisumbua nyumba nzima kwa adui asiyekuwamo.

La pili ni kulifunga godoro na mto. Viko vifuniko vya kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, vyenye zipu, ambavyo hewa hupita na punje za utitiri hazipiti. Asiyeweza kuvinunua aweza kuuacha mfuko wa nailoni uliokuja na godoro jipya, akitandika juu yake shuka nene ili lisimtie jasho, na akiutazama usichanike. Ila hadhari kubwa juu ya watoto wachanga, maana nailoni iliyolegea huweza kumfunga mtoto pumzi, na kwao usitumike kabisa.

La tatu ni maji ya moto kila juma. Utitiri hufa katika maji ya digrii 60, na shuka, foronya na chandarua cha mgonjwa yapasa vipate maji hayo mara moja kwa juma, kama kitambaa chake chahimili. Chandarua chenye dawa ya mbu ndicho hakitiwi maji ya moto, kwa kuwa dawa yake huharibika, nacho hufuliwa kwa maji baridi na kuanikwa kivulini. Asiye na mashine asikate tamaa. Sufuria moja ya maji yaliyochemka hasa, ikichanganywa katika beseni na sufuria moja kama hiyo ya maji ya mtungini, hupata digrii 60 na kidogo zaidi. Nguo ikiingia hupoa, basi aongeze kidogo ya moto, azamishe kwa mti na si kwa mkono, afunike robo saa, na watoto wawe mbali. Hata maji baridi yana faida kubwa, kwa kuwa zile protini huyeyuka katika maji zikaondoka, ijapokuwa utitiri wenyewe wengine husalia hai.

La nne ni jua, na hapa narejea kwa bibi yangu. Mwaka 1994 Euan Tovey na Ann Woolcock wa Sydney walionyesha kwamba mazulia yakianikwa katika jua kali, utitiri uliomo waweza kufa wote kwa joto na ukavu. Lile alilolifanya bibi yangu uani kila Alhamisi, bila ya kitabu wala hadubini, lilikuwa na asili ya kweli. Lakini yapasa tukumbuke mipaka miwili. Jua huua lakini halifuti, kwa maana utitiri uliokufa huacha punje zake pale pale, ndiyo sababu kinachofulika hufuliwa kwanza kikaanikwa baadaye, na kisichofulika hupigwa baada ya kuanikwa. Na joto la jua halifiki tumboni mwa godoro nene, ndiyo sababu ya kifuniko. Upigaji nao uwe nje daima, mgonjwa akiwa mbali, na mpigaji amejifunga leso puani. Ikiwa mvua yanyesha, kazi ingoje. Laiti neno hili moja lingalijulikana nyumbani kwetu, ndugu yangu angalilala usiku mwingi aliokesha.

La tano ni chumba chenyewe. Zulia litolewe chumbani mwa mgonjwa, mkeka au sakafu tupu vishike mahali pake. Mapazia yawe mepesi ya kufulika. Midoli ya manyoya ipungue, na ule mmoja ambao mtoto hawezi kuuacha ufuliwe, au ukae katika sehemu ya barafu ya friji usiku na mchana mzima kisha usuuzwe. Vumbi la juu ya kabati lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na sakafu ipigwe deki, kwa kuwa ufagio mkavu huliamsha vumbi kisha hulirudisha lilikotoka. Punje za utitiri ni nzito na huanguka baada ya nusu saa hivi, basi mgonjwa asiingie mpaka muda huo upite. Asubuhi kitanda kisitandikwe mara moja, bali kiachwe wazi kipunge hewa. Nguo mbichi zisianikwe chumbani. Na madirisha yafunguliwe kukavu, hususa majira ya kaskazi, maana hewa ya masika haikaushi kitu.

Na katika mambo yasiyofaa nitataja moja tu, kwa kuwa limezoeleka. Watu wengi, wakisikia harufu ya uvundo chumbani, hufukiza udi au hunyunyiza manukato, wakadhani wamekitakasa. Udi ni pambo la nyumba zetu na sina neno juu yake penye siha. Lakini moshi wake, kama moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma, hauui utitiri, na mirija iliyokwisha kuvimba huizidishia taabu. Katika chumba cha mgonjwa wa pumu usifukizwe.

Sasa yanipasa niseme kweli moja ambayo wauzaji wa vifuniko hawapendi kuisema. Mwaka 2003 jarida la matabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya watu wazima wa Uingereza wenye pumu waliopewa vifuniko peke yake, na haikuonekana kuwa walipata nafuu kuliko waliopewa vifuniko visivyo na kazi. Mwaka uliofuata jarida hilo hilo likachapisha habari za watoto wa miji mikubwa ya Marekani, ambao nyumba zao zilitengenezwa kwa mambo mengi kwa pamoja, malazi, mende, moshi na mengineyo, kwa kadiri ya mzio wa kila mtoto; na siku zao za kubanwa zikapungua. Mimi nafahamu kutokana na mawili hayo kwamba kifuniko kimoja hakiwezi kulibeba jambo hili, na kwamba aliyefanya kazi ya juma moja akaiacha hajaifanya. Utitiri haumaliziki kabisa nyumbani mwetu. Hupunguzwa, na ukiachwa hurudi.

Wala kazi yote hii haichukui nafasi ya dawa. Nimewaona watu wanaoiogopa pampu ya kuvuta, wakisema ni dawa ya kukatiwa tamaa, au kwamba ukiizoea hutaiacha. Na kwa khofu hiyo mtoto hunyimwa kitu ambacho kingalimwezesha kukimbia na wenzake. Dawa ya kuvuta ya kila siku, ikiagizwa na tabibu, hutuliza ule uvimbe wa mirija. Ile ya kufungua kifua hutumika mtu akibanwa. Na anayebanwa hata asiweze kusema, au midomo ikageuka rangi, apelekwe hospitali saa ile ile, usiku wala mvua visiwe udhuru.

Mabibi na mabwana, Siku ya Pumu Duniani huadhimishwa kila Jumanne ya kwanza ya Mei, nasi wa mwambao huwa tumo katikati ya masika, wakati ambapo magodoro yetu yana unyevu kuliko wakati wowote na vifua vya wagonjwa wetu vina dhiki. Ndugu yangu sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Godoro lake lina kifuniko, shuka zake hutiwa maji ya moto kila Jumamosi, pampu yake iko juu ya meza karibu na taa, na akibanwa siku hizi ni mara chache katika mwaka. Nafuu hiyo hakuipata kwa muujiza. Mkewe na wanawe waliifanya kazi ile juma kwa juma, kwa miaka.

Nawaombeni basi, mkirudi majumbani, msianze kwa kumwuliza mama wa mtoto kwa nini nyumba ina vumbi. Mchukulieni godoro mlitoe nje, mteleke sufuria ya maji, na juma lijalo mfanye tena.